Sauti ya Nne Ukutani

Levina Kashindye alikuwa hajafika hata kwenye kona ya nyumba yake pale Itetemia, Tabora, aliposikia kitu kilichomfanya aangushe kapu. Jogoo aliyepewa na wakwe zake wa Igunga akachomoka na kamba mguuni, akakimbilia kwenye mihogo ya jirani, naye Levina wala hakugeuka. Nyuma ya nyumba kwaya yake ilikuwa mazoezini, na ilikuwa inaimba mahali pasipoimbwa.

Wimbo aliujua. Ni wake, kautunga kwa mikono yake. Alijua kwamba sauti ya kwanza hupanda, hupanda, halafu zote nne zinanyamaza ghafla, kimya cha pumzi moja ndefu, kisha zinarudi taratibu. Lakini alasiri ile, pale pa kunyamaza, ikatokea sauti nene ya chini. Ikatambaa, ikapinda, ikashuka kidogo, ikapinda tena, halafu wengine wakaipokea.

"Yesu wangu," Levina akasema, mkono kifuani. "Nani kaingia mahali pa Baba Asnath?"

Sasa, kabla hamjamcheka mwanamke anayetetemeka kwa sababu ya kwaya, ngojeni kwanza mjue habari za ukuta wa nyuma ya nyumba yake. Asiyeujua ataona huyu mama kachanganyikiwa, na mimi sipendi mtu amwonee Levina hivyo.

Alipoolewa, nyumba ilikuwa ndiyo kwanza imesimama, ya miti na udongo, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za huku. Mume wake, Amon, aliijenga mwenyewe. Amon alikuwa na mambo mengi mazuri, lakini subira ya kwenda porini mara ya pili hakuwa nayo. Miti ilipopungua, akaokota mmoja uliopinda, mti mlaini tu wa kuni, akausimamisha umeinama upande kwenye ukuta wa nyuma karibu na kona. Levina alipouona nusura alie.

"Baba Asnath, mti gani huu? Si umepinda huu!" Asnath mwenyewe alikuwa bado tumboni, lakini jina walikuwa wameshaanza kulitumia.

"Ukishasiriba, nani atauona?"

"Mimi nitajua upo."

Na kweli alijua. Kila mwaka mvua zikiisha, akisiriba ukuta upya, kiganja chake kilipita juu ya kinundu kilichotokezwa na ule mti, na kila mwaka alimsema mumewe. Amon alikuwa anacheka tu. Kinundu kile alikifanya kiti cha mgongo, akiegemea pale jioni na kahawa yake, anaongea na kila anayepita, awe anamjua au hamjui.

Mwaka mmoja wa kusiriba, Levina alikuwa anaimba kwa kujifurahisha huku vidole vinapaka tope. Wimbo ukipanda, vidole vinapanda. Ukishuka, vinashuka. Alipomaliza akarudi nyuma kutazama kazi yake, akaduwaa. Wimbo ulikuwa umebaki ukutani. Akaweka kidole pale ulipoanzia, akaufuata huku anaimba, ukatoka vilevile. Akamwita mumewe kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.

Amon akaja, akashika kiuno, akatazama. "Mama Asnath, umeharibu ukuta," akasema. Halafu akasogea, akaegemea kinundu chake, akaanza kuiimbia ile michoro sauti ya nne, chini kabisa, kana kwamba ilikuwa inamngoja.

Ndiyo ikawa mwanzo. Msidhani Levina hakujua nota. Do, re, mi alifundishwa tangu usichana kwenye kwaya ya Moravian, na alizijua vizuri. Ila alikuwa anasema zile herufi zinamwambia mtu asimame wapi, hazimwambii aende vipi. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe kutoka huku hadi pwani, na hakuna aliyenyanyua mzigo bila wimbo. Nyimbo zile zilipita njia nzima ndani ya vichwa vya watu, zikafa na vichwa vyao. Levina alitaka wimbo wake utuliwe mahali, hata mwenyewe akiondoka ubaki.

Basi sauti ya kwanza akaichora kwa udongo mwekundu, ya pili kwa chokaa, ya tatu kwa majivu. Ya nne, ya Amon na wenzake, hakuichora. Aliibandika. Alikuwa anachukua tope, analisokota jembamba kama kamba, analikandamiza ukutani kwa kidole gumba, maana sauti ya nne, alisema, lazima uweze kuishika. Pakiwa panene, paza. Pakiwa pembamba, punguza. Mstari ukipinda, kila mtu apinde kwa namna anavyouona, kisha mbishane, kisha mwalimu aamue. Walikuwa wanabishana kweli! Flavia, jirani yake na mwimbaji wa sauti ya kwanza, aliwahi kununa wiki nzima kwa ajili ya nukta moja.

Sheria ilikuwa moja: ukuta ule hakuna kuugusa. Si kwa mkono, si kwa ufagio. Kuta nyingine zote za Itetemia hufagiliwa utando na njia za mchwa kila asubuhi, ule haukufagiliwa. Na mtu akiuliza kama kuna kosa mahali, jibu la Levina lilikuwa lilelile. "Ukutani hakuna kosa. Kosa liko vinywani mwenu. Kilichopo ukutani ndicho kinachoimbwa."

Halafu Amon akafa. Homa ilimshika kama mzaha, akaenda. Levina hakulia msibani kama watu walivyotarajia, na watu, mnawajua watu, wakasema. Mvua zilipokwisha akausiriba ukuta wote, akachora wimbo mmoja tu. Sauti zote nne zilikwenda pamoja hadi karibu na kona, pale penye kinundu, hapo akaacha ukuta mtupu. Kwaya ilipouliza, aliwaambia, "Hapo anaimba Baba Asnath. Nyamazeni mumsikie."

Wakanyamaza. Kimya kile kilikuwa kigumu kuliko wimbo wenyewe. Mmoja anakohoa, mwingine anameza mate, na Levina anasimama amefumba macho. Kwake yeye hicho ndicho kitu pekee cha mumewe kilichokuwa bado hakijaguswa na mtu. Ukoo ulikuwa umepanga siku ya kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi, kule shambani kwao njia ya Kipalapala, na wimbo huo ndio ungeimbwa. Alikuwa ameshasema mbele ya wote kwamba siku hiyo, atakayetoa hata mguno ndani ya kile kimya asijihesabu tena kuwa mwanakwaya.

Kisha Asnath akajifungua huko Igunga, na mama mtu gani hatakwenda kumkanda mwanawe? Levina akapanda basi mvua zikiwa zimepamba moto. Kwaya akamwachia Masolwa, kijana wa sauti ya nne, mtu mpole mwenye kifua kipana. Neno la mwisho alilomwachia lilikuwa, "Someni ukutani."

Na sasa karudi, msalaba unawekwa Jumamosi, na watu wanaimba ndani ya kimya cha mumewe.

Alizunguka kona kama askari. Masolwa alikuwa wa kwanza kumwona, uso ukamchanua.

"Shikamoo, Mwalimu! Karibu sana! Mjukuu hajambo? Umetusikia?"

"Marahaba. Nani kawaruhusu?"

"Kuturuhusu nini, Mwalimu?"

"Masolwa, usinichezee. Pale. Nani kawaambia muimbe pale?"

Masolwa akawatazama wenzake, wenzake wakamtazama yeye. "Wewe, Mwalimu," akasema, na akanyoosha mkono ukutani.

Levina akageuka. Pale alipoacha patupu, pale pa kinundu, palikuwa na mstari. Wa udongo, mnene wa kidole, umebandikwa kwa mtindo wake hasa, unapanda kimshazari katikati ya kile kimya toka upande mmoja hadi wa pili, umepinda huku na huku, na vitawi viwili vitatu vimechipuka kwa chini.

"Nani kachora?" Sauti ilimtoka kidogo sana.

Kila mtu akaangalia vidole vyake kama vina tope.

"Nauliza, nani kaweka mkono wake kwenye ukuta wangu?"

Wakaapa, mmoja mmoja, kila mtu na kiapo chake. Flavia akajitokeza mbele, kanga imemlegea begani. "Mama Asnath, sisi tulijua ni wewe. Mvua ilitufungia wiki mbili bila mazoezi. Tulipokuja, tukaukuta. Tukasema umeuweka alfajiri ile ulipoondoka, hukutaka tukuone unalia."

"Tukasema Mwalimu amemaliza msiba," Masolwa akaongeza, polepole. "Amemrudishia mzee sauti yake. Nikataka kukupigia simu, nikaona si jambo la kumwuliza mtu kwenye simu. Tumejifunza kwa heshima, Mwalimu. Hiki kitawi cha pili tumekibishania siku nzima."

"Nami nilisema kitawi hicho jana yake hakikuwepo!" Flavia akadakia. "Wakaniambia nikavae miwani."

Levina hakuwa anawasikia. Alikuwa ameshasogea, uso karibu unagusa ukuta. Akanyoosha kidole. Tope lake yeye likikauka ni gumu, huwezi kulibandua bila kisu. Hili liliguswa tu likamomonyoka kama ukoko wa uji, na kwenye ule ufa wakatokea wadudu weupe wadogo, wakakimbia juu na chini.

"Mchwa," akasema Levina.

Jamani! Watu wazima, wazaliwa wa Tabora, walioanza kupiga njia za mchwa kwa ufagio kabla hawajaanza shule, walibaki vinywa wazi, kama vile hawajapata kumwona mchwa maishani.

"Tumeimba mchwa?" Masolwa akauliza. Akakaa chini palepale kwenye tope.

"Mimi nimelia!" Flavia akapiga kelele, mikono kichwani. "Haki ya Mungu nimelia, mara ngapi, pale sauti inapopinda! Nimewalilia mchwa, mimi!"

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, akajikuta yuko peke yake, akajifanya anakohoa.

Levina hakucheka. Hasira ilikuwa imempanda hadi masikio yanavuma. Wadudu! Wadudu wameingia mahali ambapo yeye mwenyewe hakuthubutu kuweka kidole, na kwaya yake imewapa heshima ya sauti ya nne. Na kibaya zaidi, hakuwa na wa kumlaumu. Nani alikataza ufagio? Nani alisema kilichopo ukutani ndicho?

"Leteni jembe," akasema.

"Mwalimu, ukuta utaanguka—"

"Leteni jembe, au nitabomoa kwa kucha!"

Wakaleta. Akalishika karibu na bapa, akaanza kukwangua kuanzia juu, anafuata kila mpindo, anamwondoa mchwa kwenye kimya cha mumewe kwa nguvu za mwanamke aliyelima maisha yake yote. Vumbi linaruka, wadudu wanadondoka, kuku wa Flavia wanakuja mbio. Alipofika katikati, pale kinundu kilipokuwa kimetokeza zaidi, jembe likazama. Pande zima la udongo likaachia, likaanguka miguuni pake, na nyuma yake pakabaki mtaro mtupu.

Levina akarudi nyuma. Jembe likamtoka mkononi.

Ule mti haukuwepo. Mchwa walikuwa wameumaliza, limebaki ganda kama karatasi hapa na pale, lakini udongo ulikuwa umeshika umbo lake lote. Mtaro ulianzia chini, ukaenda kushoto, ukarudi, ukashuka kama bega, ukapinda tena kuelekea juu. Kila mpindo ulikuwa mpindo wa ule mstari aliokuwa anaukwangua. Wadudu hawakujitungia kitu. Walikuwa wamefuata mti wa Amon, pale alipousimamisha, ulivyopinda, siku ile walipogombana.

Akaingiza mkono kwenye ule mtaro hadi kwenye kiwiko, akaupitisha taratibu kama mtu anayepapasa mgongo wa mgonjwa. Kiganja kilipajua. Kwa miaka yote ile kiganja chake kilikuwa kinapita juu yake, kinanung'unika.

"Ni yeye," akasema.

"Nani, Mwalimu?" Masolwa aliogopa kuuliza, lakini akauliza.

"Huu mti. Huu mti ni wa Baba Asnath. Nilimwambia umepinda." Na hapo, mbele ya kwaya nzima, na tope limemjaa hadi mabegani, Levina Kashindye akalia kile kilio ambacho watu walikitafuta msibani wasikipate. Akalia kwa sauti, bila kujifunika, hadi Flavia akaja akamshika, naye Flavia akaanza upya, safari hii akijua anamlilia nani.

Walipotulia, Masolwa akasafisha koo. Alikuwa bado kakaa chini. "Samahani, Mwalimu. Jumamosi je? Pale tunyamaze?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na kila mtu alilijua. Levina akautazama ukuta uliojeruhiwa. Kimya kile alikuwa amekitunza kama yai. Alikuwa amewagombeza watu kwa ajili yake, amewatisha, amewanyima hata kukohoa. Na sasa, akiwa amesimama na tope lake, wazo likamjia ambalo lilimshtua kuliko mchwa. Baba Asnath hakuwa mtu wa kimya. Mume wake hakuwahi kunyamaza maisha yake yote! Aliongea akila, aliongea kanisani, aliongea na wapita njia ambao hata hawakumjibu. Hata kwenye wimbo alikuwa anaingia kabla ya zamu yake. Kimya kile hakikuwa cha Amon hata kidogo. Kilikuwa cha Levina, na alikuwa amemfungia mumewe humo ndani.

"Imbeni," akasema.

"Kuanzia mwanzo?"

"Kuanzia hapo. Kama mlivyojifunza. Na hicho kitawi cha pili mnakiimba vibaya, nilikisikia toka njiani. Msikifuate. Kikateni, mrudi kwenye mti."

Wakasimama, wanausoma mtaro. Masolwa akaanza.

Jumamosi, makaburini, watu walikuwa wengi. Kaka yake Amon, mzee Lugembe, alikaa mbele kwenye kiti, kofia kichwani, amekwisha kuambiwa kwamba kutakuwa na mahali pa kunyamaza na asije akashtuka. Kwaya ikapanda, ikapanda, ikafika. Levina alikuwa ameinua mkono. Badala ya kukunja ngumi kama siku zote, akaushusha taratibu upande mmoja, akaurudisha, akaupindisha, na sauti ya nne ikatoka chini na kumfuata. Mzee Lugembe akaruka kitini. Akageuka kutazama nyuma yake, akatazama tena, kisha akavua kofia.

"Huyo ni Amon," akasema, na hakuna aliyembishia.

Kilichobaki ni ukuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, Flavia alimkumbusha, na kwa kuwa alikuwa amesubiri miaka mingi kumfundisha Mama Asnath kitu, alimkumbusha mara nyingi. Jumatatu Masolwa na vijana wa kwaya wakaja na mti begani, mninga mtupu, umenyooka kama rula, umetolewa magome na kusuguliwa. Walikuwa wamehangaika kuupata, na walijivunia.

Levina alikuwa anakanyaga tope. Akautazama ule mti kuanzia juu hadi chini.

"Asanteni, wanangu. Rudisheni."

Masolwa alidhani hakusikia. "Mwalimu, mninga huu! Mchwa hata kuulamba hawaulambi. Tukuletee mti gani tena?"

"Uliopinda."

Vijana wakatazamana. Mmoja wao akautua upande wake wa mti chini kwa sababu mikono ilikuwa imeishiwa nguvu.

"Uliopinda," Masolwa akarudia, kwa upole kama anayeongea na mgonjwa. "Lakini, Mwalimu, ukishasiriba, nani atauona?"

"Mimi nitajua upo," Levina akasema, na akaendelea kukanyaga tope.